Mgonjwa wa akili aulizwe njia aitakayo

Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.), katika Sahihi ya Muslim, kwamba mwanamke mmoja aliyekuwa na tatizo la akili alimwendea Mtume (s.a.w.) akasema ana haja naye. Mtume alimtaka achague njia yoyote aipendayo, kisha akawa naye humo njiani hadi alipomaliza haja yake. Katika hadithi hiyo haulizwi jamaa yake yeyote, anaulizwa yeye.

Twaisimulia kwa ajili ya wauguzi na matabibu wapya wanaoingia katika huduma ya afya ya akili. Dawa wamefundishwa, na dawa ni za lazima. Asiwepo wa kudai kwamba twazipinga. Lakini kumsaidia mgonjwa arejee katika maisha yake ni somo jingine. Mtumishi hujifunza kumwuliza: wataka kurudia kazi gani? Ni nini hukutibua? Ukizidiwa, aitwe nani? Majibu huandikwa kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, yakawa ndiyo mpango wake. Na mwalimu bora wa somo hili aweza kuwa mtu aliyewahi kuugua akapata afueni.

Tuchukulie kata ya Ngulyati, Bariadi, katika nchi ya pamba. Kijana amerudi kutoka hospitali, yumkini Mirembe ya Dodoma, na sauti alizokuwa akizisikia zimenyamaza. Cheti chasema ana nafuu. Nyumbani hapewi jembe, hatumwi dukani, habari za posa zikianza hutolewa nje. Msikitini, katika safu, watu huacha pengo ubavuni mwake. Huyo amepona nini? Mtumishi anayeishia kuuliza, "Umemeza dawa?" hatayaona hayo. Anayeuliza habari za shamba itambidi azungumze na baba mtu, kijana apewe walau ekari moja ya pamba msimu ujao.

Baadhi ya wazazi hujibu kwa aya ya 5 ya Suratun-Nisaa, kwamba asiye na busara asikabidhiwe mali. Ni kweli. Ila aya hiyohiyo yaamrisha alishwe, avikwe na asemeshwe kwa wema, na inayofuata, ihusuyo mayatima, yataka wajaribiwe ndipo wakabidhiwe mali yao. Atajaribiwaje asiyepewa hata ekari?

Na akiugua tena katikati ya palizi? Mtumishi aliyefunzwa vyema ataufungua mpango ule, amwite yule ambaye kijana mwenyewe alimtaja.