Sauti Kabla ya Maana: Lugha katika Mafunzo ya Kila Wiki ya Watoto wa Kihindu

Mtu apitaye karibu na hekalu la Kihindu asubuhi ya Jumapili, mjini Nairobi au Mombasa, aghalabu husikia sauti za watoto zikiitikia kwa pamoja. Mwalimu hutamka kipande kimoja cha sala ya Kisanskriti, nao hukirudia; hutamka cha pili, wakakirudia; kisha huviunga viwili hivyo, nao wakaviunga. Hayo ni madarasa ya kila wiki ambamo watoto, tangu umri wa miaka mitano hivi, hufunzwa sala, hadithi na maadili ya dini yao. Shirika la Chinmaya Mission, lililoanzishwa India mwaka 1953, huyaita Bala Vihar. Wafuasi wa Swaminarayan huyaita bal sabha. Na wengine wana majina yao. Makala haya hayakusudii kuyaeleza madarasa hayo kwa upande wa teolojia. Nia yake ni kutazama lugha zitumikazo humo, na kuuliza kwa nini Kiswahili, ambacho watoto hao hukisoma shuleni kila siku, hakina nafasi humo, na hasara ya jambo hilo humwangukia nani.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya majina. Kiswahili cha kila siku humwita Mhindi mtu yeyote mwenye asili ya Bara Hindi, awe Mwislamu, Msikh, Mjaini au Mkristo wa Goa. Mhindu ni yule tu afuataye dini ya Kihindu. Tofauti yao ni ya irabu moja, na magazeti yetu huikosea mara kwa mara. Neno la zamani la pwani, Baniani, lilitokana na jina la Kigujarati la wafanyabiashara, nalo limebaki hai zaidi katika ile methali ya kiatu chake, ambayo humsifu kwa mkono mmoja na kumtukana kwa mwingine. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu Wahindu zaidi ya 60,000. Si wengi; lakini Wakenya wenye asili ya Asia walitambuliwa rasmi mwaka 2017 kuwa kabila la 44 la nchi hii, na Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba Kiswahili ndicho lugha ya taifa. Basi Kiswahili ni lugha yao pia.

Wapo wasemao kwamba kumkaririsha mtoto maneno asiyoyaelewa ni kumfanya kasuku. Hoja hii hutolewa sana na walimu wa shule, na sisi tuliokwenda ng'ambo kusomea nadharia za ufundishaji wa lugha tumekuwa wepesi wa kuiunga mkono. Nadhani tulikosea. Mtoto wa Lamu aingiaye chuoni husoma Kurani kwa Kiarabu miaka mingi kabla ya kuijua sarufi ya Kiarabu, wala hapana aliyepata kusema kwamba Lamu ni mji wa kasuku. Sala ya Gayatri, iliyomo katika kitabu cha 3 cha Rigveda, ina silabi 24, katika vipande vitatu vya silabi nane nane. Iliwafikia watu wa leo kwa njia ya masikio. Jadi ya kukariri Veda, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2003 kuwa miongoni mwa kazi kuu za urithi wa mdomo wa wanadamu, ilibuni njia za kuyasoma maneno mawili mawili, mbele na nyuma, ili isipotee hata silabi moja. Madarasa ya Jumapili hayafiki huko. Lakini kule kuitikia kipande kwa kipande ni tawi la mti uo huo.

Sala nyingine nyingi wafunzwazo watoto zimo katika bahari iitwayo anushtubhi: vipande vinne vya silabi nane, jumla 32. Msomaji wa tendi hana haja ya kukumbushwa kwamba ubeti wa utenzi nao una vipande vinne vya mizani nane. Sidai kwamba mmoja ulimzaa mwenziwe. Utenzi una vina na anushtubhi haina. Nayo anushtubhi huangalia urefu wa silabi katika mahali maalumu, jambo ambalo utenzi haulijui. Nasema tu kwamba yamkini kiasi hicho ndicho pumzi na kumbukumbu ya mtoto iwezacho kukibeba kwa mara moja.

Hata katika matamshi lugha yetu haiko mbali kama inavyodhaniwa. Kisanskriti hutenganisha p na p yenye mpumuo, t ya meno na t itamkwayo kwa kukunja ncha ya ulimi. Mtoto wa Nairobi azungumzaye Kiingereza nyumbani huzichanganya, na mwalimu hupata taabu. Mtoto aliyekulia Mombasa akicheza na Waswahili ana nafuu, kwa maana Kimvita hutenganisha paa la nyumba na paa mnyama kwa mpumuo tu, na kina t mbili ambazo tahajia sanifu haizionyeshi. Mpumuo wa sauti ghuna, kama zile ziandikwazo bh na gh kwa hati za Kirumi, hatausaidiwa na Kimvita. Huo hana budi kujifunza.

Basi sauti si tatizo. Tatizo limo katika maelezo.

Baada ya sala huja hadithi, na hapo watoto husogea mbele. Shiva na Parvati waliahidi tunzo kwa yule kati ya wana wao wawili atakayetangulia kuizunguka dunia. Kartikeya alimpanda tausi wake akaruka. Ganesha, mwenye kichwa cha ndovu na mwili mzito, aliwazunguka wazazi wake, akasema kwamba wao ndio dunia yake. Wiki nyingine husimuliwa habari za Prahlada, mtoto wa mfalme aliyekataa kumwabudu baba yake, ijapokuwa alitupwa motoni na majabalini. Hadithi hizi mbili zavutana: moja humfunza mtoto kuwatukuza wazazi, ya pili humwonyesha mtoto aliyesifiwa kwa kumwasi baba. Mtoto wa miaka minane huliona jambo hili na huuliza. Katika darasa moja nililoalikwa, swali hilo lilijibiwa kwa dakika ishirini, kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kigujarati, na lilikuwa somo zuri kuliko mengi niliyoyasikia katika kumbi zetu za mihadhara.

Husimuliwa pia hadithi za Panchatantra, na hapa Mswahili hujikuta nyumbani. Kisa cha nyani aliyemdanganya mamba kwamba moyo wake ameuacha mtini ndicho kile ambacho Edward Steere alisimuliwa Unguja na kukichapisha mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Kiswahili, ila mamba amekuwa papa, na ndani yake kimetiwa kisa cha punda wa dobi. Panchatantra ilikwisha kupita katika Kipahlavi, na kutoka hapo Ibn al-Muqaffa akaifasiri kwa Kiarabu katika karne ya 8 kwa jina la Kalila wa Dimna. Hadithi ilivuka bahari, ikawa yetu hata tukasahau ilikotoka. Msamiati wa ibada haukuvuka.

Tazama maneno tuliyoyapokea kutoka lugha za India: gari, bima, laki, pesa, dobi, chapati, embe. Ni maneno ya biashara, ya kazi na ya chakula. Upande wa pili, Kigujarati cha Afrika Mashariki kilichukua sufuria, kisu na fagio. Na nilipokuwa masomoni Uingereza nilisikia muhogo ukiitwa mogo katika soko la Leicester na watu waliohama huku. Jikoni tuliazimana bila kuulizana. Katika chumba cha ibada hatukupeana neno hata moja.

Hasara yake niliiona mwaka 2018, nikikagua mafunzo ya walimu katika shule moja ya msingi. Msichana wa darasa la saba alisoma insha yake juu ya sikukuu ya Diwali: baba alinunua taa, mama akapika vitamu, kisha wote wakaenda kuabudu sanamu. Darasa zima liliangua kicheko, na mvulana mmoja akasema kwamba hiyo ni dhambi. Mwanafunzi wetu, kwa nia njema kabisa, alikata neno sanamu akaandika Mungu. Yule msichana akasema kwa sauti ndogo kwamba aliyeabudiwa usiku ule ni Lakshmi. Mwalimu akanigeukia. Sikuwa na jibu.

Msichana hakukosea sarufi. Alitumia neno lililomo katika kamusi. Sanamu ya Dedan Kimathi iliyowekwa katikati ya Nairobi mwaka 2007 haimuudhi mtu. Lakini likitanguliwa na kitenzi abudu, neno hilo hubeba hukumu ya tafsiri za Biblia na Kurani, na mtoto hujihukumu mwenyewe kwa kinywa chake. Katika desturi ya Kihindu, kitu kilichochongwa huwa jiwe au shaba tu mpaka kifanyiwe ibada ya kukitia uhai. Baada ya hapo huitwa murti, nacho huamshwa asubuhi, huoshwa, huvishwa na kupewa chakula. Kwa hiyo sanamu ni jina la kile kilichomo katika karakana ya mchongaji. Neno miungu nalo lina mtego wake: Mungu huchukua upatanisho wa watu, lakini katika wingi twasema miungu mingine, kana kwamba ni mito au milima. Ngeli yenyewe imekwisha kutoa hukumu kabla ya msemaji kufikiri.

Kwa maoni yangu, murti, puja na arati yaingie katika Kiswahili kama yalivyo, kwa kuwa silabi zake hazimsumbui msemaji wetu. Neno dharma liandikwe darma, kwa maana dh yetu ni ile ya dhahabu, na msomaji ataliharibu bila kujua. Wala lisifasiriwe kwa neno dini peke yake, kwani humo mna wajibu, haki na mwenendo. Seva ni utumishi. Ahimsa twaweza kuiita kutodhuru, na sioni haja ya kutafuta zaidi. Prasada, yaani chakula kitolewacho kwanza mbele ya murti kisha kikagawiwa watu, ni neno gumu, na ningependa kusikia maoni ya wenzangu wa pwani wajuao jinsi chakula cha maulidi kinavyotajwa.

Pengine atatokea mtu aseme kwamba dini ya Kihindu haiwezi kuelezwa kwa lugha ya kigeni. Historia yake yenyewe yamkanusha. Tulsidas alipoanza kuisimulia habari ya Rama kwa Kiawadhi mwaka 1574, aliiacha lugha ya wanazuoni akatumia lugha ya watu wa kawaida, na hicho ndicho kitabu kilichoingia nyumbani mwao. Watoto wetu huendelea kukariri kwa Kisanskriti, na ni vema waendelee. Wanachokosa ni lugha ya kumweleza jirani. Somo la dini ya Kihindu limo katika mtaala wa Kenya, pamoja na mafunzo ya Wajaini, Wabudha na Wasikh, lakini mtihani wake ni wa Kiingereza; hivyo halikupata kuwalazimisha walimu wa Kiswahili kulitafutia istilahi.

Limebaki suala la ngeli ya murti. Tuseme murti imevishwa nguo mpya, au murti amevishwa? Nilimwuliza mama mmoja afundishaye watoto kila Jumapili, mzaliwa wa Mombasa, nikitazamia afikiri kidogo. Hakufikiri. “Amevishwa, Mwalimu,” alisema. “Imevishwa ni ile ya dukani, Biashara Street.”