Usipoziba Ufa: Ukarabati wa Vibuyu vya Familia Keringet

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumezoea kuitumia tunapozungumzia nyumba au malezi. Hata hivyo, katika nyanda za juu za Keringet, eneo la Kuresoi Kusini, Kaunti ya Nakuru, inaweza kuchukuliwa kwa maana iliyo karibu zaidi na jiko, kwani ufa unaomhuzunisha mama wa nyumbani ni ule wa kibuyu cha maziwa. Makala hii inakusudia kueleza jinsi chombo hicho kinavyotayarishwa, kinavyokarabatiwa na kurithishwa, na kwa nini jambo hili linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili.

Kibuyu kisicho cha mbuyu

Tuanze na neno lenyewe. Umbo la neno kibuyu linatukumbusha buyu, yaani tunda la mbuyu. Lakini Keringet ni mahali pa baridi, karibu na msitu wa Mau, ambako chai na ng'ombe wa maziwa hustawi na mbuyu haumei. Kibuyu cha huko hutokana na mmea utambaao wa jamii ya maboga, ambao Kiswahili huuita mmumunye. Wakipsigis, mojawapo ya jamii za Wakalenjin, hukiita sotet, na ndani yake hugandisha maziwa yaitwayo mursik.

Tunda huachwa likomae hadi ganda liwe gumu, kisha hukaushwa. Shingo hukatwa, mbegu hutolewa, na maji hutiwa ndani ili nyama iliyosalia ioze na uchungu uishe. Baada ya kuoshwa, kibuyu husuguliwa kwa sosiot, ufagio mwembamba wa ufito wa mtende uliopondwa ncha. Kisha kijiti cha mti uitwao senetwet huchomwa, na kaa lake husagwa kwenye kuta za ndani. Unga wa mkaa huo huyapa maziwa harufu, ladha na rangi ya kijivu, na husaidia yasiharibike upesi. Kwa nje, kibuyu huvikwa kifuniko na mkanda wa ngozi, shanga na simbi. Simbi hizo asili yake ni Bahari ya Hindi. Hivyo kibuyu cha mlimani hubeba kipande cha Pwani.

Karakana isiyo na kibao

Kibuyu huvunjika kwa urahisi. Kikianguka hupasuka, na ngozi na uzi wa shanga navyo huchakaa. Katika jamii nyingi za Kenya ufa wa kibuyu hushonwa: vitundu hutobolewa pande zote mbili za ufa kwa msumari au chuma kilichopashwa moto, kisha uzi, ukano au waya mwembamba hupitishwa na kukazwa. Chombo kilichoshonwa huweza kubadilishiwa kazi, kikaacha maziwa na kuhifadhi nafaka au mbegu. Kustaafu huko si kutupwa.

Kazi hii haina kibao mlangoni wala daftari la mahesabu, ila ni biashara ya familia kwa maana kamili. Vibuyu vilivyotayarishwa huuzwa katika masoko ya Bonde la Ufa, na mapato huingia nyumbani. Ujuzi hupita kutoka kwa nyanya hadi kwa mama, na kutoka kwa mama hadi kwa binti, kwa kutazama na kushika. Tofauti na mafundi wa milango ya Lamu, ambao urithi wao umezoeleka kuwa wa baba na mwana, hapa mwenye kiwanda ni mwanamke.

Kukarabati au kuhifadhi?

Yafaa tutofautishe istilahi mbili. Kuhifadhi, kwa desturi ya makumbusho, ni kukizuia chombo kisizidi kuharibika, na mara nyingi hukiondoa katika matumizi. Kukarabati ni kukirejesha kazini. Wajapani wana ufundi uitwao kintsugi, ambapo chombo cha kauri kilichovunjika huungwa kwa utomvu na unga wa dhahabu, mshono ukaachwa uonekane. Fundi wa kibuyu naye hauwezi kuuficha mshono wake. Mwenye kukiona hujua kuwa palikuwa na mtu aliyekithamini chombo hicho kiasi cha kukihangaikia.

Hatari iliyopo

Hatari haitokani na ufa pekee. Mtungi wa plastiki ni rahisi, haupasuki ovyo wala hauhitaji mkaa. Binti aliye katika shule ya bweni hapati muda wa kukaa kando ya nyanyake. Isitoshe, kibuyu kinachonunuliwa ili kitundikwe ukutani hakitiwi mkaa. Umbo husalia, kazi ikafa. Na mmumunye usipopandwa, mbegu zake hupotea, pasiwe na cha kukarabati.

Lakini si yote yaliyopotea. Mursik ingali hunywewa harusini, na wanariadha warejeapo na ushindi hulakiwa kwa kibuyu hicho. Huko Kitui, kikundi cha wanawake cha Kyanika kimekusanya mbegu za aina nyingi za vibuyu pamoja na maarifa yanayohusiana nazo. Mwaka 2021, UNESCO iliitambua juhudi ya Kenya ya kulinda vyakula vya asili kuwa mfano mwema wa kuigwa. Tukumbuke basi kuwa chakula hakilindwi bila chombo chake.

Hitimisho

Ni lipi basi jukumu letu? Kamusi zetu hutaja kibuyu kwa mstari mmoja au miwili. Hazituelezi sehemu zake, zana za kukisafishia, wala hatua za kukishona. Maneno kama sosiot na senetwet yanastahili kukusanywa kutoka vinywani mwa wenye ufundi, yakajadiliwa na, panapofaa, yakakopwa kama Kiswahili kilivyokopa daima. Mwanafunzi anayekwenda likizo Keringet, Bomet au Kericho na aende na daftari. Fundi mmoja akiondoka bila kuulizwa, hakuna uzi utakaoushona ufa huo.