Nyoka wa pili asije akammeza wa kwanza

Usishtuke, msomaji: kuna watu Marekani wafugao nyoka nyumbani kama sisi tufugavyo paka. Ikiwa uko huko na tayari unaye mmoja, chunga unapomtafutia mwenzake. Yule waitaye nyoka mfalme hupendeza macho, na hana sumu, lakini hula nyoka wengine, hata wenye sumu kali. Ukiwatia sanduku moja, asubuhi utamkuta mmoja tu, tena ameshiba! Chatu mdogo wa Afrika Magharibi ni mpole, ila huweza kususa chakula miezi kadhaa, na huishi hata miaka 30 (huyo utamrithisha mwanao). Yeyote umchaguaye, mpe sanduku lake, na majuma ya kwanza mweke chumba kingine asije akamletea mwenzake utitiri. Hapa Kenya, sheria ya wanyamapori hairuhusu kumfuga hata mmoja bila leseni.