Shakwe wa Pwani Yetu: Kweli au Si Kweli?

Fika diko la Malindi asubuhi mashua zinaposhusha samaki, hasa majira ya kaskazi. Utamkuta shakwe wa kahawia amesimama hatua chache kutoka kwa mpara samaki, anangoja matumbo yatupwe. Tumemzoea, lakini tunamsingizia mengi.

“Shakwe wote ni weupe.” Si kweli. Huyu wetu ana kichwa cha kahawia iliyokoza, ukosi mweupe shingoni, na mdomo mnene wenye pete nyeusi na ncha nyekundu. Jamaa zake wako Bahari ya Shamu, Oman, hadi Pakistan.

“Hunywa maji ya bahari.” Kweli. Juu ya macho ana tezi zinazotoa chumvi kwenye damu. Majimaji yenye chumvi hiyo hutokea puani na kuteremka hadi ncha ya mdomo. Mtazame akiwa ametulia: utamwona akitikisa kichwa kurusha matone.

“Ni mwizi wa samaki.” Kwa sehemu kubwa, si kweli. Ukiacha samaki wazi atamnyakua, lakini riziki yake dikoni ni matumbo na mabaki, vitu ambavyo mwenye samaki ameshavitupa. Asipovila, huoza juani na kujaa nzi.

“Hana madhara kwa viumbe wengine.” Si kweli. Hula mayai na makinda ya ndege wengine wa bahari, na hudaka watoto wa kasa wakikimbilia majini. Ndivyo alivyoumbwa. Kosa ni letu tunapomwaga taka ufukweni, tukakusanya shakwe wengi pale kasa wanapoanguliwa.

“Kuokota mayai yake machache si hasara.” Si kweli, na hapa ndipo tunapomuumiza zaidi. Nchini Kenya huzaliana kwenye visiwa vidogo vya Kiunga, kaskazini mwa Lamu, wakati wa kusi. Hujenga chini, penye kivuli cha jiwe au kichaka, na hutaga yai moja hadi matatu tu. Mtu akishuka kisiwani, kundi zima huruka. Dakika hizo chache mayai hubaki bila mlinzi: jua la pwani huyachoma, na shakwe jirani huyadonoa. Aliyeokota matano huenda ameua mengi kuliko yaliyomo kikapuni mwake.

Eneo la Kiunga limekuwa hifadhi ya bahari tangu mwaka 1979, lakini ubao wa hifadhi haulindi kiota kama nahodha hajaamua kukilinda. Basi ndugu mvuvi, nawe mgeni unayekodi mashua, ukiona ndege wametanda juu ya kisiwa wakati wa kusi, pita mbali, usitie nanga. Matumbo ya samaki yatamtosha shakwe. Yai lake mwachie.