Mlimbiko na Mkithiri: Istilahi za Sumu katika Wanyama wa Aktiki

Mfasiri wa mikataba ya mazingira hukutana na dhana mbili zinazokaribiana sana, naye huelekea kuzifasiri zote kwa neno moja, “kurundikana”. Kosa hili si dogo. Tuchukue mfano wa dubu wa barafu.

Dubu huyo huishi mbali na viwanda na mashamba. Hata hivyo, wataalamu wanaompima huko Svalbard, nchini Norwe, wamekuta katika shahamu yake kemikali za viwandani ziitwazo PCB. Hizi huchukuliwa na upepo na mikondo ya bahari hadi nchi za baridi. Nazo hudumu kwa sababu hazivunjiki upesi, na huyeyuka katika mafuta.

Dhana ya kwanza ni kuzidi kwa sumu katika mwili wa kiumbe mmoja, kwa kuwa huingiza nyingi kuliko anayoitoa. Twapendekeza iitwe mlimbiko, kutokana na limbika, yaani kukusanya kidogo kidogo, kama maji ya kisima yangojewavyo yajae.

Dhana ya pili ni kuzidi kwa sumu kutoka mlaji hadi mlaji. Samaki hula viumbe vidogo, sili hula samaki, dubu hula sili. Na katika kila ngazi kiwango hupanda. Huu ni mkithiri, kutokana na kithiri.

Yafaa pia kutenganisha upimaji na ufuatiliaji. Upimaji waweza kufanywa mara moja tu. Ufuatiliaji ni kupima shahamu, damu au nywele kwa njia ile ile, mwaka hadi mwaka. Ndio uliodhihirisha kwamba PCB katika dubu wa Svalbard zilipungua baada ya kemikali hizo kupigwa marufuku katika nchi nyingi.

Mkataba wa Stockholm kuhusu sumu hizo ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2004. Tanzania na Kenya ni wanachama. Mtumishi wa serikali akisoma kwamba sumu majini ni haba, bila kufahamu mkithiri, atadhani hakuna hatari. Lakini Wainuiti, walao sili na nyangumi, wamekutwa na PCB hata katika maziwa ya akina mama. Basi tusiyachanganye maneno haya: katika ngazi ya juu kabisa huenda akawa ni binadamu mwenyewe.