Dawa ya Meno Haipozi Laptopu

Kwenye mabanda ya mafundi kompyuta jijini Dar es Salaam, kuanzia Manzese na Mwenge hadi Tandika na Mbagala, swali halichoki kuulizwa: pesti inayopakwa kati ya prosesa na kipoza joto chake ikiisha, si unapaka tu dawa ya meno? Ina ubaridi ile!

Haina. Ubaridi ule ni wa ulimini. Mentholi huchokoza mishipa ya fahamu inayohisi baridi, na prosesa haina mishipa ya fahamu. Kinachobaki kwenye tyubu ni maji, unga wa kusugulia na sabuni kidogo. Siku ya kwanza laptopu hutulia kweli, kwa kuwa maji yameziba nafasi, na hapo ndipo mteja anapoondoka akimsifu fundi. Baadaye joto linakausha maji, unga unabaki na nyufa, hewa inarudi, feni inaanza tena kulia. Halafu lawama anabebeshwa Mchina aliyetengeneza laptopu.

Hata pesti halisi haipozi kitu. Inafukuza hewa, basi. Vyuma viwili vikilazwa pamoja, hata ving'arishwe vipi, hugusana kwenye vinundu vichache tu. Alumini ikibanwa kwa kilo 10 kila sentimita ya mraba, eneo linalogusana hasa ni kama sehemu moja kati ya elfu. Kwingine kote ni hewa, inayopitisha joto kwa shida mara elfu kadhaa kuliko alumini. Pesti inaishinda hewa, lakini chuma haikifikii hata kidogo. Ndiyo maana ikipakwa nene inageuka blanketi.

Kwenye satelaiti hata hiyo hewa haipo. PearlAfricaSat-1 ya Uganda, mchemraba wa sentimita 10 ulioachiwa angani Desemba 2022, haikuwa na feni. Joto la ndani lilipita kwenye viungo hadi kwenye kuta, kisha likatoka kama mionzi. Kanuni ya Cooper, Mikic na Yovanovich ya mwaka 1969 hukadiria kiungo kitapitisha joto kiasi gani kwa kupima mikwaruzo, ugumu na mgandamizo: mgandamizo ukiwa maradufu, upitishaji nao unakaribia maradufu. Dawa ya meno kule ingechemka papo hapo na mvuke wake kuganda kwenye lenzi ya kamera.

Kwa fundi wa bandani: futa pesti kuukuu kwa spiriti, weka tone dogo katikati, kaza skrubu kimshazari, kidogo kidogo. Palipokuwa na pedi ya kupitisha joto, rudisha pedi ya unene uleule. Transista ya amplifaya nayo isikose kipande cha maika cha kuzuia umeme, la sivyo itapiga shoti; pesti ipakwe pande zote mbili za maika. Pesti imekosekana dukani? Laptopu ilale hadi kesho.