Upandaji milima wa kuongozwa

Upandaji milima wa kuongozwa ni safari ambayo kundi la watu hupanda mlima mrefu pamoja na waongozaji wanaolipwa kwa kazi hiyo. Kwa kawaida kampuni ya utalii huandaa vibali vya serikali, usafiri, chakula, mahema, kamba na watu wa kubeba mizigo. Mteja huleta mavazi yake, afya yake na ada. Safari za aina hii hufanyika katika milima mingi duniani, kwa mfano Mont Blanc katika Alpi, Aconcagua nchini Argentina, Denali katika Alaska, Elbrus nchini Urusi, Everest katika Himalaya na Kilimanjaro nchini Tanzania.

Ada hulipia ujuzi na kazi ya watu wengine, lakini haihakikishi kufika kileleni. Hali ya hewa, hali ya barafu na afya ya mpandaji ndizo zinazoamua, na mwongozaji ana wajibu wa kulirudisha kundi chini akiona hatari. Ajali kubwa kadhaa za milimani zilitokea pale uamuzi huo ulipochelewa.

## Historia

### Mwanzo katika Alpi

Tarehe 8 Agosti 1786 Jacques Balmat na daktari Michel-Gabriel Paccard, wote wenyeji wa Chamonix, walikuwa watu wa kwanza kufika kilele cha Mont Blanc. Baadaye wasafiri kutoka nchi nyingine walianza kuja Chamonix na kuwalipa wenyeji ili wawapeleke juu. Wenyeji hao walikuwa wakulima, wawindaji na watafutaji wa fuwele waliozijua njia za barafu.

Mwaka 1820 poromoko la theluji liliua waongozaji watatu waliokuwa wakipeleka wageni Mont Blanc. Mwaka uliofuata waongozaji wa Chamonix waliunda chama chao, ambacho kipo hadi leo. Chama kiligawa kazi kwa zamu na kuweka akiba ya kusaidia wanachama walioumia pamoja na familia za waliokufa.

Tarehe 14 Julai 1865 kundi la watu saba likiwa na Mwingereza Edward Whymper lilifika kilele cha Matterhorn kwa mara ya kwanza. Wakati wa kushuka mmoja wao aliteleza, kamba ikakatika, na watu wanne wakaanguka na kufa, akiwemo mwongozaji Michel Croz kutoka Chamonix. Waliookoka ni Whymper na waongozaji wawili wa Zermatt, baba na mwana.

### Afrika ya Mashariki

Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo mlimani Kilimanjaro tarehe 6 Oktoba 1889. Walisaidiwa na wapagazi na wenyeji wa Uchagga. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu hukumbukwa nchini Tanzania kama mwongozaji wa msafara huo.

Miaka kumi baadaye, tarehe 13 Septemba 1899, Mwingereza Halford Mackinder alifika Batian, kilele cha juu cha Mlima Kenya. Alikuwa pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, waongozaji aliowaleta kutoka Courmayeur, Italia. Kwa njia hiyo kazi iliyoanzia katika Alpi ilifika hadi ikweta.

### Himalaya na biashara ya kisasa

Tarehe 29 Mei 1953 Tenzing Norgay na Edmund Hillary walifika kilele cha Everest. Msafara wao, ulioongozwa na John Hunt, ulikuwa na wapagazi zaidi ya 350. Tenzing mwenyewe alikuwa ameanza kazi ya upagazi katika msafara wa mwaka 1935.

Mwaka 1985 mfanyabiashara Mmarekani Dick Bass, akiwa na umri wa miaka 55, alifika Everest pamoja na mpandaji mzoefu David Breashears. Kwa kufanya hivyo akawa mtu wa kwanza kukamilisha vilele vya juu vya mabara yote saba. Tukio hilo liliwaonyesha watu wengi kwamba asiyekuwa mpandaji wa kazi anaweza kufika huko akiongozwa vizuri. Katika miaka ya 1990 kampuni za kupeleka wateja Everest ziliongezeka.

## Vilele saba

Wateja wengi hulenga "vilele saba", yaani mlima mrefu kuliko yote katika kila bara:

- Asia: Everest, mita 8,849
- Amerika Kusini: Aconcagua, mita 6,961
- Amerika Kaskazini: Denali, mita 6,190
- Afrika: Kilimanjaro, mita 5,895
- Ulaya: Elbrus, mita 5,642
- Antaktiki: Vinson, mita 4,892
- Australia na Pasifiki: Puncak Jaya nchini Indonesia, mita 4,884. Wengine huhesabu Kosciuszko, mita 2,228, kwa sababu uko katika bara lenyewe la Australia.

Urefu peke yake hauonyeshi ugumu. Kilimanjaro ni mrefu kuliko Vinson, lakini njia zake za kawaida hupandwa kwa miguu bila kamba. Puncak Jaya unahitaji ujuzi wa kupanda miamba. Denali ina baridi kali na hakuna wapagazi wa kukodi, hivyo kila mpandaji hubeba mzigo wake na kuvuta mwingine kwa sleji.

## Watu wa msafara

Kiongozi wa msafara ni mwongozaji mkuu. Yeye hupanga mwendo, hufuatilia afya ya kila mtu na huamua kama kundi linaendelea au linarudi. Chini yake wapo waongozaji wasaidizi, mpishi na wapagazi.

Kilimanjaro wafanyakazi huwa wengi kuliko wageni, mara nyingi hata mara tatu. Sheria za hifadhi hazimruhusu mgeni kupanda bila mwongozaji mwenye leseni. Wapagazi, ambao wenyewe hujiita "wagumu", hubeba mahema, vyakula, mitungi ya gesi na mifuko ya wageni. Asubuhi wageni huondoka kwanza. Wapagazi hukunja kambi, huwapita njiani, na wageni wanapofika kambi inayofuata hukuta mahema yamesimama na chai iko tayari.

Katika Everest kazi nyingi hufanywa na Washerpa pamoja na Wanepali wa makabila mengine. Sherpa ni jina la kabila linaloishi katika milima ya Nepal, ingawa wageni hulitumia kama jina la kazi. Kabla ya wateja kupanda, kikosi maalumu huweka ngazi na kamba katika Maporomoko ya Barafu ya Khumbu, sehemu yenye nyufa na minara ya barafu inayosogea kila siku. Wengine hupandisha mahema na mitungi ya oksijeni hadi kambi za juu.

Ujuzi wa waongozaji hupimwa kwa mafunzo na mitihani. Mwaka 1965 vyama vya Austria, Italia, Ufaransa na Uswisi viliunda shirikisho la kimataifa la waongozaji wa milima, ambalo huweka kiwango cha mafunzo kinachotambuliwa katika nchi nyingi.

## Kuzoea mwinuko

Kadiri mtu anavyopanda, kanieneo ya hewa hupungua na kila pumzi huingiza oksijeni kidogo zaidi. Kwenye kilele cha Kilimanjaro kanieneo ni karibu nusu ya ile ya pwani. Kwenye kilele cha Everest ni karibu theluthi moja. Mwili unaweza kuzoea kwa kiasi fulani: mtu hupumua haraka zaidi na damu huongeza seli nyekundu. Mabadiliko hayo huhitaji siku na wiki.

Asiyepewa muda wa kutosha hupatwa na ugonjwa wa mwinuko. Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, uchovu na kukosa usingizi. Ugonjwa ukizidi, maji huweza kujaa mapafuni, au ubongo ukavimba. Mgonjwa hukohoa na kukosa pumzi hata akiwa amekaa, au huyumba kama mlevi na kuchanganyikiwa. Hali hizi mbili huua, na tiba muhimu ni kumshusha mara moja, hata kama ni usiku. Dawa na oksijeni husaidia, lakini hazichukui nafasi ya kushuka.

Mwongozo unaotumiwa na madaktari wengi ni kwamba, juu ya mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne iwepo siku ya kupumzika. Njia ya Marangu mlimani Kilimanjaro huonyesha ugumu wa kufuata kanuni hiyo. Kutoka kambi ya Horombo hadi ya Kibo kuna ongezeko la karibu mita 1,000 kwa siku moja, na usiku huohuo wageni huanza safari ya kileleni. Ndiyo maana waongozaji hushauri kuongeza siku moja Horombo, au kuchagua njia ndefu kama Lemosho. Neno "polepole", linalosikika mlimani kutwa nzima, lina sababu ya kitabibu.

Siku nyingi zaidi humaanisha ada kubwa zaidi. Mgeni anayechagua safari fupi ili kuokoa fedha huongeza uwezekano wa kuugua na kurudi bila kufika.

## Hatari na uamuzi wa kurudi

Mwongozaji huweka saa ya mwisho ya kugeuka siku ya kwenda kileleni. Saa hiyo ikifika kila mtu hurudi, hata kama kilele kinaonekana, kwa sababu ajali nyingi hutokea wakati wa kushuka, wapandaji wakiwa wamechoka, oksijeni ya mitungi imepungua na giza linakaribia.

Kanuni hiyo ni rahisi kutamka chini ya mlima. Juu, mteja amelipa fedha nyingi, amefanya mazoezi kwa miaka na amebakiza mita chache. Kibali cha Everest peke yake, upande wa Nepal, kilipandishwa mwaka 2025 kutoka dola 11,000 hadi 15,000 kwa msimu wa masika. Kampuni nayo hutaka sifa ya kufikisha watu.

Tarehe 10 Mei 1996 wapandaji kadhaa wa makundi ya kibiashara walikuwa bado wakielekea kilele cha Everest baada ya saa nane mchana. Dhoruba ikawakuta juu. Watu wanane walikufa katika pande mbili za mlima, wakiwemo Rob Hall na Scott Fischer, viongozi wa kampuni mbili. Hall alikuwa amebaki na mteja aliyeishiwa nguvu.

Mwaka 2024 mpandaji Mkenya Cheruiyot Kirui, aliyekuwa akijaribu kupanda Everest bila oksijeni ya mtungi, alifariki karibu na kilele. Mwongozaji wake Mnepali, Nawang Sherpa, naye hakurudi.

## Haki za wafanyakazi

Hatari haigawanyiki sawa. Mteja wa Everest hupita Khumbu mara chache, lakini mbeba mizigo huvuka mara nyingi katika msimu mmoja. Tarehe 18 Aprili 2014 barafu iliporomoka hapo na kuua wafanyakazi 16 wa Nepal. Serikali ilipotangaza kwanza msaada wa rupia 40,000, yaani takriban dola 400, kwa kila familia, wafanyakazi walipinga. Walidai fidia na bima bora, na safari za upande wa Nepal zikasimama msimu huo. Baadaye kiwango cha bima kiliongezwa.

Kilimanjaro masuala makuu ni ujira, chakula, mavazi na uzito wa mizigo. Mpagazi haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20, na mizigo hupimwa getini. Hata hivyo bei ya safari ikishushwa sana, mara nyingi pengo hufidiwa na mpagazi: analipwa pungufu, anakula mlo mmoja kwa siku au analala katika hema lisilofaa kwa baridi. Mjini Moshi lipo shirika linaloazima wapagazi makoti, viatu na mifuko ya kulalia bila malipo, na kufuatilia jinsi kampuni zinavyowatendea. Mgeni anaweza kuiuliza kampuni kabla ya kulipa: wapagazi wanalipwa kiasi gani kwa siku, wanakula mara ngapi, na tipu huwafikiaje.

## Waongozaji kama wapandaji

Kwa muda mrefu vitabu vya historia viliandika majina ya wateja na kuacha ya waongozaji. Hali hiyo imebadilika. Kami Rita Sherpa alifika kilele cha Everest kwa mara ya 31 mwezi Mei 2025, nyingi kati ya hizo akiwa kazini. Tarehe 16 Januari 2021 Wanepali kumi walifika kilele cha K2, mita 8,611, kwa mara ya kwanza katika majira ya baridi. Walisubiriana karibu na kilele, wakamalizia hatua za mwisho pamoja.

Mtanzania wa kwanza kufika kilele cha Everest, Wilfred Moshi, mwaka 2012, alikuwa mwongozaji wa Kilimanjaro. Mkenya wa kwanza, James Kagambi, alifika mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 62, baada ya kufundisha na kuongoza wengine milimani kwa miaka mingi.